Tulimtuma Akaulize

Yako maneno yanayosemwa sana katika vijiji vyetu vya kando ya ziwa, toka Magu hata Sengerema, na katika visiwa vya Ukerewe, nayo ndiyo haya: "Mbunge wetu hafai, hajatuletea kitu." Ukimwuliza asemaye hivyo ni kitu gani anachokitaka, atajibu: bati za shule, mipira ya vijana, au gari la kuchukulia wagonjwa. Wala hatujapata kumsikia mtu akisema, "Mbunge wetu hafai, maana mwaka mzima hakumwuliza Waziri hata neno moja juu ya fedha zetu." Mawazo hayo twayapinga waziwazi, kwa kuwa yametuletea hasara, tena hasara nyingine si ya fedha.

Itazameni kazi yenyewe. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, yasema kwamba Bunge ndilo lenye madaraka ya kuisimamia Serikali na kuishauri kwa niaba ya wananchi. Na katika njia zinazotajwa za kuyatumia madaraka hayo, ya kwanza ni kumwuliza Waziri ye yote swali lo lote juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Bati hazikutajwa. Bunge likutanapo Dodoma, maswali hutangulia shughuli nyingine. Waziri au Naibu wake husimama akajibu, kisha mwenye swali hupewa nafasi ya kuuliza maswali ya nyongeza. Alhamisi ni zamu ya Waziri Mkuu kuulizwa. Na toka Aprili hata mwisho wa Juni makadirio ya kila Wizara hupita mbele ya Wabunge, maana mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Nafasi hiyo babu zetu hawakuwa nayo. Baraza la kutunga sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka 1945 ndipo walipoingizwa wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, nao waliteuliwa, hawakuchaguliwa na watu. Karibu miaka 20 yote hiyo watu walilipa kodi ya kichwa bila kuwa na mtu wao wa kuuliza imekwenda wapi. Na wakulima wa pamba wa nchi hii ya ziwa walifanyaje? Walianza na mizani. Waliona pamba yao yapungua kwa wanunuzi, wakataka watu wao wenyewe wasimame penye kipimo. Katika kazi ile ya vyama vya wakulima aliinuka Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Basi sisi ni wana wa watu waliojua kuuliza habari ya kipimo. Imekuwaje leo twaridhika na zawadi?

Walakini lawama si yetu peke yetu. Fungueni Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge mkasome. Mbunge husimama, hushukuru, husifu, hushukuru tena, na katikati ya mistari mmekuta neno "Makofi" limeandikwa katika mabano. Swali lenyewe hufika mwisho, limechoka. Naye Waziri hujibu kwamba Serikali itajenga kituo cha afya kadiri fedha zitakavyopatikana. Jibu hilo halifungi kitu. Mtu makini angeuliza papo hapo: Mwaka jana tulipitisha shilingi ngapi kwa kazi hii? Katika hizo, Hazina ilitoa ngapi, na lini? Zilizotoka zilifika wilaya gani? Maana kupitishwa kwa fedha ni jambo moja na kutolewa kwake ni jingine, na kati ya hayo mawili ndipo vituo vyetu vingi vilipobaki kuta bila paa. Wala asituambie mtu kwamba nchi haina fedha kabisa. Daraja la Kigongo hata Busisi, urefu wake kama kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025, liligharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Twalifurahia sana. Lakini Ukara haifikiwi kwa daraja.

Na kwa ajili ya Ukara twaomba msomaji avumilie, maana hapa ndipo penye uchungu. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara. Kilikuwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya kilipopinduka. Chombo kile kilifanywa kuchukua watu 101. Waliokufa walizidi 220. Baada ya msiba John Mnyika wa CHADEMA alisema kwamba walikwisha kulalamika mara nyingi juu ya ubovu wa kivuko, na Serikali haikusikia. Nayo TEMESA, wakala wa Serikali mwenye kukiendesha, ilieleza kwamba injini zake mbili zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa katika miezi ile. Rais Magufuli aliivunja bodi ya TEMESA, na baadaye kivuko kipya kikubwa zaidi kikaletwa.

Lipimeni jambo hilo. Kumbe fedha zilitumika, na injini zilishughulikiwa. Hata hivyo chombo cha watu 101 kilipakia zaidi ya maradufu yao. Wala halikuwa jambo geni ziwani, kwa kuwa MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa, habari ya kuzidisha watu ilisemwa vilevile. Kwa hiyo swali la "lini mtatuletea kivuko" halikutosha, wala la "lini mtatengeneza injini." Lililohitajika ni hili: Ni nani asimamaye gatini siku ya soko kuhesabu watu, analipwa katika fungu gani, na daftari lake hukaguliwa na nani? Swali la namna hii halina makofi.

Wako wasemao kwamba kuuliza sana ni utovu wa adabu. Hao ndio waliolishangilia Bunge mwaka 2019, lilipoazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa sababu alitaja "udhaifu" wa Bunge. Twasema wazi kwamba azimio lile lilikuwa baya. Mkaguzi ndiye awapaye Wabunge maswali yao. Kumkataa yeye kwa ajili ya neno moja ni kuvunja mizani kwa kuwa imeonyesha upungufu.

Tena iko sheria ya mwaka 2009 ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, imwekayo Mbunge kuwa mkubwa wa kamati ya kugawa fedha za jimbo lake. Nasi twaona haifai. Agawaye fedha za Serikali atawezaje kuwakemea wagawaji wenzake?

Basi Mbunge ajapo kijijini, msimngojee kwa ngoma tu. Taarifa za Bunge husomeka hata katika simu. Walimu tuzisome, tunakili maswali aliyouliza mwaka huu pamoja na majibu aliyopewa, tuyasome mkutanoni mbele yake na mbele ya wazee. Na penye kivuko, la kwanza aulizwe habari ya yule mtu wa daftari gatini.