Kompyuta ya Bei Rahisi

Baba anayetaka kumnunulia mwanawe kompyuta kuukuu na aulize kwanza kwa nini bei imeshuka. Nyingi zatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Mashine haikufa siku ile: yawaka, yaandika, yapiga chapa. Lakini matundu wapitiamo wezi wa mtandao hayazibwi tena. Windows 11 nayo huzikataa nyingi za zamani, mathalani kwa kukosa TPM 2.0, kijidude cha kulinda siri. (Wauzaji hawayasemi haya!)

Basi, msiitupe. Iko Linux, programu ya bure. Fundi aweza kuijaribu kwanza kutoka katika flashi, bila kufuta kitu; mwombeni afanye hivyo mbele yenu, kabla hamjatoa fedha.