Mke Asilaumiwe kwa Kuzaa Mabinti

Katika nyumba nyingi husikika maneno haya: "Mwanamke huyu azaa wasichana tu; mwanangu, oa mwengine." Mama mkwe huyasema, jirani huyakariri, na mume, badala ya kumhifadhi mkewe, huyaamini. Wako wake walioachwa kwa sababu hiyo tu. Basi yatupasa tujue elimu yasema nini.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Karibu kila seli ina kromosomu 46, yaani jozi 23, ambazo ndizo zichukuazo urithi wa wazazi. Hesabu hiyo ilitangazwa na Joe Hin Tjio na Albert Levan mwaka 1956, baada ya uchunguzi wao huko Lund, Sweden. Jozi 22 ni za namna moja kwa wanaume na wanawake. Jozi moja iliyobaki ndiyo yenye tofauti: mwanamke ana X mbili, na mwanamume ana X moja na Y moja, ambayo ni ndogo.

Yai la mama huchukua kromosomu moja tu ya jozi hiyo, nayo ni X, kwa kuwa mama hana nyengine. Mbegu ya baba huchukua ama X ama Y. Ikiingia yaini yenye X, kwa kawaida mtoto huwa wa kike. Ikiingia yenye Y, huwa wa kiume. Ajabu ni kwamba aliyefumbua fumbo hili alikuwa mwanamke, Nettie Stevens wa Marekani. Mwaka 1905 alieleza ya kuwa funza wa unga wa kike ana kromosomu kubwa 20, na wa kiume ana kubwa 19 na moja ndogo.

Basi mke hulaumiwa kwa kukosa kutoa kitu ambacho hakupewa. Wala mume naye hana hatia, kwani mbegu zake za namna mbili hukaribia kuwa sawa kwa idadi, na hana uwezo wa kuchagua itakayotangulia. Aliyezaa mabinti wanne, mimba ya tano huanza upya kama ya kwanza.

Kurani imekwisha kuwakemea waliokunja nyuso kwa kupashwa habari ya binti. Leo hata ujinga hauwezi kuwa udhuru wetu. Enyi waume, mkisikia lawama hiyo barazani au jikoni, ijibuni nyinyi. Msimwachie mke aibebe peke yake.