Kabla ya Kumwita Mwendawazimu

Nawapinga wenzangu wanaosema kwamba filamu ya They Might Be Giants, ya mwaka 1971, inasifu wazimu. Justin Playfair, jaji wa New York aliyefiwa na mkewe, anajiona kuwa Sherlock Holmes, na kofia yake na kiko chake. Sawa, amepotewa na akili. Lakini ni nani mwenye haraka ya kumfungia hospitalini? Ni ndugu yake Blevins, anayeitaka mali yake, na kilichobaki ni saini ya daktari tu. Mambo ya namna hiyo tunayaona hata kwetu, bila kwenda sinema.

Daktari mwenyewe, Mildred Watson (jina hilo ndilo linalomfurahisha mgonjwa!), anakataa kutia saini kabla ya kumchunguza. Wenzangu wanamruka mama huyu kana kwamba hayumo. Tena Playfair hasemi ovyo: kwake, Don Quixote alikosea kudhani kila kinu cha upepo ni jitu, ila kuuliza kama huenda ni jitu si kosa. Wanaotaka afungiwe siku ya kwanza watueleze mali yake ingesimamiwa na nani.