Maji Yatokayo Kwetu Huenda kwa Nani?

Tumezoea kudhani kwamba maji ya vyoo yakiisha kutoka uani mwetu, hayatuhusu tena. Hapa Bukavu yanashuka mlima, na chini ya mlima, kando ya Ziwa Kivu, yupo jirani atekaye maji. Kipindupindu hufuata njia hiyo hiyo.

Mji wa Arcata, huko California, ulifanya uamuzi wenye kutufaa. Katika miaka ya 1970 wananchi wake walipinga mpango wa mtambo mmoja wa gharama kubwa kwa miji kadhaa. Tangu mwaka 1986 maji yao machafu hupita katika mabwawa, kisha katika vinamasi vilivyotengenezwa na watu, hupunguzwa vijidudu, ndipo huachiliwa baharini.

Namna iliyo ndogo zaidi yaweza kujengwa kwetu. Tope hutuama kwanza ndani ya tangi. Maji hupita polepole katika kitanda cha changarawe kilichopandwa matete, na sakafu yake huzibwa ili yasipenye ardhini. Juu ya mawe na mizizi hujikusanya bakteria, nao hula uchafu. Mteremko ukiwapo, umeme hauhitajiki. Bakteria hao huja wenyewe wakipata makao. Basi akija mchuuzi na chupa ya vijidudu vya kumimina shimoni, tumwulize kwanza: vitakaa wapi?

Wengine watasema kwamba kiwanja ni haba. Ni kweli, kwani kila mtu huhitaji mita za mraba kadhaa, na mlima uliolowa huweza kuporomoka. Kwa sababu hiyo hatuwaombi wenye nyumba zilizobanana. Twaona waanze wenye mabweni na hospitali, ambao wana watu wengi na uwanja ulio imara. Wala wasidhani kwamba maji yatokayo humo hunyweka. Vijidudu vya ugonjwa hupungua, lakini havimaliziki.

Tunaloogopa zaidi ni uzembe wa baadaye. Tangi lisipoondolewa tope, changarawe huziba, na maji machafu hutokea juu ya matete. Kwa hiyo, kabla jembe halijagusa udongo, na iandikwe kwanza: nani ataondoa tope, nani atakata matete, na atalipwa kwa fedha gani. Mradi usio na majibu hayo tusiuanze, kwa maana jirani wa chini ndiye atakayeulipia.