Dhamana ya Mwenye Kuhesabu

Wako watu wasemao kuwa kijana aajiriwaye kupiga hesabu ni mkono tu, na mkono hauulizwi. Husema kuwa ukweli ni kazi ya mkubwa atiaye sahihi. Kazi ya mdogo ni kujumlisha alichopewa na kunyamaza. Neno hili limezoeleka, na kwa kuzoeleka limevaa sura ya busara. Mimi naliona kuwa ni neno baya, na nataka wewe, msomaji, ulikatae kabla hujaingia katika kazi yoyote ya kalamu.

Tuitazame kazi moja ambayo baadhi yenu mpendao hesabu huenda mkaifanya, yaani kazi ya mchambuzi mchanga katika kampuni ya washauri wa uchumi. Kazi hii imestawi sana Marekani, katika miji kama Boston, Washington na Chicago, na Uingereza, mjini London. Kampuni mbili zishtakianapo, au serikali izuiapo kampuni zisiungane kwa kuchelea bei zisipande, mahakama hutaka kujua: Je, bei ingalikuwa kiasi gani kama kosa lisingalitendeka? Ni nani aliyepata hasara, na ni hasara ya kiasi gani? Maswali haya hayajibiwi kwa ufasaha wa mawakili. Huitwa shahidi mtaalamu, aghalabu profesa wa chuo kikuu, akatoa jibu mbele ya hakimu.

Walakini profesa hafanyi kazi peke yake. Nyuma yake wako vijana, wengi wao wakiwa na shahada ya kwanza tu, ambao husafisha takwimu, huandika programu za kompyuta, huchora majedwali na kukagua kila tarakimu iliyomo katika ripoti. Jina la kijana halionekani juu ya ripoti ile. Yeye ni kama msingi wa nyumba: wapitao husifu paa na madirisha, wala hakuna ausifuye msingi, lakini msingi ukitikisika, paa huanguka pamoja na sifa zake zote.

Wapinzani wangu watauliza, mdogo ana uwezo gani mbele ya wakubwa? Nawajibu kwa kisa cha kweli. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala kuhusu madeni ya serikali. Walionyesha kuwa katika nchi tajiri, baada ya Vita Vikuu vya Pili, uchumi ulipungua kwa wastani wa asilimia 0.1 kwa mwaka pale deni lilipopita asilimia 90 ya pato la taifa. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka kupunguza matumizi ya serikali waliyashika makala haya kama ngao.

Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Amherst, jina lake Thomas Herndon, alipewa zoezi la kurudia hesabu ya wachumi. Akachagua hiyo. Akarudia, hesabu ikakataa. Akarudia tena, ikakataa. Hakujisemea kuwa wakubwa hawakosei. Aliwaandikia, nao, kwa uungwana wao, wakampelekea jedwali lao. Ndipo alipoona kuwa fomula ya wastani ilikuwa imeziruka nchi 5: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Aliona pia kuwa miaka fulani iliachwa, na kwamba namna ya kuzipima nchi ilikuwa na walakini. Mwaka 2013 yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walitangaza kuwa wastani sahihi ulikuwa ukuaji wa asilimia 2.2. Wachumi wale walikiri kosa la jedwali, ingawa waliendelea kutetea maoni yao. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wengine watasema, mwenye fedha ndiye mwenye neno: akulipaye akitaka hasara iwe kubwa, mpe kubwa. Hii ni hoja ya mchuuzi mwenye mizani mbovu. Tangu mwaka 1993 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani imewapa mahakimu jukumu la kupima njia aliyotumia mtaalamu kabla ushahidi wake haujapokewa. Na upande wa pili nao una vijana wake, wasomao kila mstari kwa jicho la adui. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini hata kama isingekuwa fupi, ingalikuwa haramu. Kwani mwisho wa tarakimu ile yuko mtu anunuaye dawa au unga, naye hulipa bei iliyoamuliwa kwa hesabu asiyoiona.

Usidhani kuwa haya ni mambo ya ng'ambo tu. Kenya ilitunga sheria ya ushindani mwaka 2010, na muungano wa makampuni hupimwa hapa kwetu pia kwa takwimu za soko. Kesho huenda takwimu hizo zikawa mikononi mwako.

Basi siku hiyo ikifika, andika kila hatua uliyopita, ili mwingine aweze kukufuata. Rudia jibu lako kwa njia ya pili. Ukiona kosa la mkubwa wako, mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Ukiona lako, likiri kabla halijaonwa. Heshima kwa wakubwa ni wajibu, lakini kumwacha mkubwa apotee huku unaona si heshima, ni usaliti. Sahihi itakuwa ya mwingine. Dhamana ni yako.