Filamu Isimnyang'anye Mtoto Kazi Yake

Kila mara kitabu cha watoto chenye sifa kinapotengenezewa filamu, watu wazima hubishana juu ya jambo moja: je, filamu imekifuata kitabu au imekiacha? Swali hilo si baya, lakini halitoshi. Lililo zito zaidi ni hili: je, filamu imemwachia mtoto ile kazi ya kufikiri ambayo kitabu kilimpa?

Mfano ulio wazi ni kitabu cha Mmarekani Maurice Sendak, Where the Wild Things Are, yaani Waliko Mazimwi, kilichochapishwa mwaka 1963 na kutunukiwa Nishani ya Caldecott mwaka 1964. Kitabu kizima hakifikii maneno 400. Mtoto Max, aliyevaa vazi la mbwa mwitu, anafanya utundu hata mama yake anamwamuru aende kulala bila chakula. Chumba chake kinaota miti, bahari inatokea, naye anasafiri hadi kwa mazimwi, anawatawala, kisha anatamani nyumbani na kurejea.

Picha ndizo zinazobeba uzito. Mwanzoni ni ndogo, zimezungukwa na weupe wa karatasi. Kadiri ndoto ya Max inavyokua, nazo hupanuka, hata zikatanda kurasa sita mfululizo pasipo neno lolote. Hapo mtoto anayetazama ndiye anayejaza sauti. Mama haonekani hata mara moja, wala asili ya hasira ya Max haielezwi. Ukimya huo si upungufu. Ni heshima kwa mtoto.

Si wote walioielewa heshima hiyo. Mwaka 1969 Bruno Bettelheim, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, alikishutumu kitabu hicho kwamba adhabu ya kunyimwa chakula na mama ingemtia mtoto hofu ya kuachwa. Hata hivyo watoto waliendelea kukipenda, kwa kuwa mtoto huijua hofu kabla hajaisoma popote.

Mwaka 2009 ilitoka filamu ya Spike Jonze, Sendak mwenyewe akiwa miongoni mwa watayarishaji wake. Hadithi inayosomwa kwa dakika chache ilibidi ijaze zaidi ya saa moja na nusu. Hapo ndipo penye mtihani.

Kwa upande mmoja, Jonze anastahili sifa. Hakuwafanya mazimwi kuwa vichekesho. Aliwavika waigizaji mavazi makubwa ya manyoya, akawapeleka kwenye misitu na mchanga wa Australia, na kompyuta ikatumika kuzipa uhai nyuso zao. Mazimwi hao wana wivu, huzuni na ugomvi. Waliolalamika kwamba filamu inatisha walirudia kosa lile lile la mwaka 1969.

Kwa upande wa pili, filamu imeeleza mno. Mama anaonekana, amelemewa na kazi, baba hayupo, dada hamjali mdogo wake. Max hapelekwi chumbani, bali anamng'ata mama yake na kutorokea gizani. Kila zimwi limepewa jina, na kila hasira imepewa sababu. Mtu mzima hufarijika kwa kuelewa, lakini mtoto amepokonywa nafasi ya kuiweka hasira yake mwenyewe mahali pa ile ya Max.

Watetezi watasema kwamba filamu haiwezi kunyamaza kama kitabu. Sivyo. The Snowman, kitabu cha Mwingereza Raymond Briggs cha mwaka 1978, hakina maneno. Filamu yake ya mwaka 1982, isiyofikia nusu saa, iliongeza hata safari ya kwenda kumwona Baba Krismasi, lakini ilisimulia kisa chote kwa picha, muziki na wimbo mmoja, bila wahusika kuzungumza. Kuongeza, basi, si dhambi. Kosa ni kumfikiria mtoto kuwa hawezi kujaza mwenyewe.

Kwa hiyo ni wajibu wa mzazi na mwalimu kutanguliza kitabu, filamu ifuate, na baada ya hapo kumwuliza mtoto aliona nini katika kila kimoja. Atakayeanzia kwenye filamu ataukuta msitu umekwisha pandwa na wengine. Atakayeanzia kwenye kitabu ataupanda mwenyewe.