Njia ya Mguu ni ya Nani?

Wako watu siku hizi huona haya kusema kwamba wamekwenda mahali kwa miguu. Mtu akiwa na nauli ya matatu au bodaboda, kutembea kwake huhesabiwa ubahili. Mimi sikubaliani nao. Aliye ndani ya gari hapiti ila palipotengenezwa. Aendaye kwa miguu ndiye ajuaye wapi pangali wazi na wapi haki yake imezibwa.

Mfano wangu nautoa bara, Ndhiwa, katika kaunti ya Homa Bay. Kwa muda wa siku mbili nalitembea kutoka kwenye mashamba ya miwa, nikapita upande wa Kanyamwa, nikateremka mpaka Nyatike, kaunti ya Migori, uliko mradi wa umwagiliaji wa Kuja ya Chini. Mto Kuja watoka milima ya Kisii, hukutana na Mto Migori, kisha huingia Ziwa Viktoria. Mvua zikizidi hufurika ukaharibu mashamba na nyumba. Kiangazi kikija, watu wale wale hulilia maji. Mfereji umechimbwa ili maji ya mto yafike kwenye mpunga kwa kipimo.

Basi mfereji una ukingo, na ukingo una njia. Aghalabu njia kama ile huwekwa kwa ajili ya anayekagua mfereji na kuzoa tope. Lakini nimewakuta humo watoto wa shule, akina mama wenye madebe, wachungaji na wazee wenye bakora. Mimi mgeni wa kanzu na kofia nalipita nikiamkiwa, wala hapana aliyeniuliza nina ruhusa ya nani.

Uingereza nako, zamani farasi walitembea kando ya mifereji wakivuta mashua za mizigo kwa kamba. Mashua zikatiwa mitambo, farasi wakaondoka, lakini njia zao zikabaki. Leo mtu aweza kwenda kwa miguu kando ya mfereji wa Grand Union, baina ya London na Birmingham, kiasi cha kilomita 220. Alhasili, kazi iliyoizaa njia yaweza kwisha, na wapitao wasinyimwe njia yao.

Sasa tutazame kwetu pwani. Ni vichochoro vingapi vya kuteremkia baharini vilivyokuwa wazi tulipokuwa watoto, na leo vimekatwa na kuta? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yaihesabu ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Vyema. Lakini mvuvi mwenye dema begani ataufikiaje ufuo huo ikiwa kila upande ni ukuta? Kumpa mtu kisima ukamnyima njia ya kisimani ni kumpa nini?

Wenye kuta hujibu kwamba wanaogopa wezi. Hofu hiyo siidharau. Lakini huko huko Migori iko Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila ya chokaa, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake nyingine zapita kimo cha watu wawili, nazo zilijengwa kuwakinga watu na mifugo yao. Hata hivyo zina milango. Waliokuwa na maadui wa kweli waliacha mahali pa kupitia. Sisi tunaoogopa mwizi wa viatu twaziba kabisa!

Tulifunzwa chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, na kwamba maji ni ya kushirikiana. Ikiwa kuondoa mwiba njiani kuna thawabu, je, kujenga ukuta juu ya njia yenyewe kuna nini? Wazee wetu walitia wakfu visima na misikiti, wakaacha njia za kuviendea. Hawakuziandika, kwa kuwa hawakudhani kwamba yuko atakayezikana.

Lakini haki haiji peke yake. Ng'ombe wakishushwa popote, ukingo wa mfereji hubomoka, na mwenye shamba la mwisho hapati maji. Nasi pia tukigeuza vichochoro vyetu majaa, tumempa mwenye ukuta hoja ya kuvifunga.

Rai yangu ni hii. Kila mtaa na ukae na wazee wake wangali hai, uziandike njia zake za kwendea bahari: zaanzia wapi, zaishia wapi, upana wake kiasi gani, na zimefungwa lini. Karatasi hizo zipelekwe kaunti na kwenye Tume ya Taifa ya Ardhi, na nakala zibaki msikitini. Na zile zilizo wazi bado, tuzipite kila siku. Njia isiyopitwa humea nyasi, na penye nyasi hakuchelewi kuja mtu na seng'enge.